Yah: Ombi la Kuhamishwa kwa Sababu ya Figili

Mheshimiwa Mwalimu Ninomiya,
Makamu Mkuu wa Shule,

Natumaini hujambo, na mgongo umepata nafuu tangu siku ile ya michezo ulipong'ang'ania kuvuta kamba na watoto wa darasa la sita. Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Huu ni mwaka wa nne nafundisha Kiingereza shuleni kwako. Kwa heshima na taadhima naomba mwezi wa Aprili, walimu wanapohamishwa, nami nipelekwe Osaka, kwenye maghorofa ambako jirani hajui hata jina la jirani. Sababu zangu ni hizi:

1. Jirani yangu Bi Kuwabara, bibi wa miaka themanini na ushee, ananiwekea mboga mlangoni. Habishi hodi, haachi salamu. Nafungua mlango niende kazini, nakuta figili nyeupe, ndefu kama mkono wangu, zimelala hapo na udongo wake. Nilipomwambia kwa adabu kwamba naishi peke yangu, akasema, "Ndiyo maana nakuletea, mwanangu. Mtu wa peke yake hapiki." Sasa napika, Mheshimiwa. Figili za kuchemsha, figili za kukwaruza, figili za siki. Wanafunzi wako wanasema nanukia supu.

2. Ulinifundisha mwenyewe kwamba hapa mtu hapokei akanyamaza. Kwetu Lushoto nako chombo hakirudi kitupu, lakini kikisharudi, yamekwisha. Basi Jumamosi moja nikaenda mjini Matsue, nikamletea Bi Kuwabara boksi la keki za maharage, nikajua tumemalizana. Thubutu! Kesho yake nikakuta kabichi mbili na mzigo wa vitunguu. Eti ni asante ya ile asante yangu.

3. Kwa hiyo wikiendi zangu zimekufa. Ngome ya Matsue sijaiona mpaka leo; naijua kwa picha iliyo juu ya boksi la keki. Kazi yangu ni kushuka kwenye treni, kuchagua maboksi pale pale stesheni, na kupanda treni ya kurudi. Maana na ofisini nako kuna walimu wenzangu, na hapa anayetembea wikiendi hurudi na zawadi ya wote. Jumatatu nikiingia mikono mitupu, Mwalimu Hirose ananiuliza kwa upole, "Pole, wikiendi ulikuwa unaumwa?"

4. Nilijaribu kutoroka. Alfajiri nilitia nguo na taulo kwenye mfuko wa taka ili nionekane natupa uchafu, kumbe nakwenda zangu kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto za Kinosaki. Bi Kuwabara akatoka mbio na kandambili zake, maana hapa kila aina ya taka ina siku yake: "Mwalimu! Leo si siku ya taka za kuchoma!" Akaunyakua mfuko, akaufungua, akaona gauni langu la kulalia. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akafurahi, "Aa, unasafiri! Mbona husemi?" Akanifungia figili tatu za njiani.

5. Figili hizo nikampa mama mwenye nyumba ya wageni nilikofikia. Naye, kwa kuwa ni Mjapani mwenye malezi, akanishukuru kwa samaki wakavu, kifurushi kizima. Samaki nikampa Bi Kuwabara. Bi Kuwabara akanijibu kwa boga lililomshinda kulibeba, akalileta kwa toroli. Mheshimiwa, nikisafiri tena, nitarudishiwa ng'ombe.

Kama Osaka haiwezekani, basi naomba kile kipaza sauti cha kijiji, kinachopiga wimbo kila saa kumi na moja jioni, kitangaze hivi: "Mwalimu mgeni ameshiba. Asipewe kitu." Kirudie mara mbili, maana Bi Kuwabara sikio moja halisikii vizuri. Na hilo likishindikana, shule ianzishe somo la figili, nami niteuliwe kuliongoza.

Naandika bila kinyongo. Nisalimie mkeo, wapishi wa shule, Mwalimu Hirose na watoto wote, hasa wale wanaosema nanukia.

Nabaki mtumishi wako mwenye tumbo lililojaa,
Tabia Shekiondo

N.B. Hayo niliyaandika jana. Leo asubuhi nimefungua mlango, hakuna kitu. Nikatazama kando, nikatazama nyuma ya baiskeli. Theluji tupu, wala alama ya kandambili hakuna. Mapazia ya Bi Kuwabara yamefungwa. Mheshimiwa, roho iliniruka. Nilitoka na soksi nikaubamiza mlango wake kama polisi, namwita bibi, bibi! Akafungua nywele zimemsimama. "Mwalimu, nimepitiwa na usingizi tu. Kumbe una njaa kiasi hicho?" Nikalia pale pale, mtu mzima mimi, naye akanivuta ndani akanipa chai. Ndiyo maana nimechelewa kazini. Huko Osaka mpeleke mtu mwingine.