Simba Ambaye Hakuwemo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari amesema mapafu yangu yamechakaa. Alimwambia binti yangu, si mimi. Mimi nilikaa katikati yao kama stuli. Wiki chache tu, alisema. Basi, lazima niungame.

Nianzie hapa. Miaka arobaini na mmoja iliyopita nilikuwa mchoraji wa mabango ya jumba la sinema. Ikaletwa filamu ya karani aliyepoteza faili. Saa mbili nzima anatafuta faili! Mwenye jumba alitazama robo saa, akasinzia. Nikamwambia aniachie mimi. Mpita njia hulitazama bango kwa hatua tatu tu: ya kwanza huona uso, ya pili meno, ya tatu wekundu. Karani hakuwa na meno ya maana. Nikachora simba akimrukia, kinywa wazi, anga jekundu nyuma yake.

Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Simba hakutokea. Viti vikavunjwa. Mwenye jumba akauliza simba yuko wapi. Nikasema aulizwe mwendesha mashine ya filamu, ndiye mwenye mkasi, huenda amemkata. Rafiki yangu! Aliyenisimamia harusi! Mkasi alikuwa nao kweli, wa kupunguzia utepe wa filamu ukikatika. Alifukuzwa siku ile ile. Tangu hapo anatengeneza redio mtaa wa pili, na watu wote humwita Mla Simba. Hata wajukuu zake.

Jumanne, tarehe 4

Nimeandika barua. "Ndugu yangu, nilikusingizia." Mistari miwili. Nimeisoma tena, nikakata tamaa. Nani atasimama kwa kitu kama hiki? Hakina uso, hakina rangi. Nimeichana. Nitachora bango.

Binti amesikia harufu ya rangi, akauliza kama nimeichoka hiyo pumzi kidogo niliyobakiwa nayo. Nimesema ni dawa mpya ya kifua. Ilikuwa kwenye kidevu, dawa hiyo, ya buluu.

Alhamisi, tarehe 6

Mkono unatetemeka vibaya. Lakini mtetemeko unafaa sana kwa manyoya ya simba.

Juu nimeweka uso wangu, mkubwa, nusu gizani, chozi moja. Chini yake rafiki yangu, kiasi cha kidole gumba. Binti alitazama, akasema, "Baba, aliyeonewa ni yeye. Mbona mkubwa ni wewe?"

Nikaeleza kuwa nyota wa filamu huwa mmoja. Akanikodolea macho mpaka nikamnenepesha rafiki kidogo. Katikati, kwa herufi nyekundu: SIRI YA SIMBA! Ungamo lenyewe liko chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, pale tulipokuwa tukiweka majina ya fundi taa na mshona nguo wa filamu. Huwezi kuanza na ungamo. Watu watapita.

Jumamosi, tarehe 8

Binti amekubali kulibandika bango mbele ya kibanda cha redio, kwa kuwa ungamo limo. Limekusanya watu! Wameuliza onyesho linaanza saa ngapi. Wawili wameuliza kama kuna mapigano. Hakuna aliyeinama kusoma ya chini.

Rafiki yangu alisimama na fimbo yake muda mrefu, midomo ikimcheza. Akamwambia binti kuwa atakuja kesho. Basi, amejua.

Jumapili, tarehe 9

Amekuja na koti alilovaa kwenye harusi yangu. Macho yake yana ukungu, alikitafuta kiti kwa kupapasa. Nikavuta pumzi nianze. Akaniwahi.

"Ndugu yangu, hii siri yangu uliijuaje?"

Siri yake! Akasimulia. Siku ile utepe uliungua mashineni. Alikata kipande cha urefu wa mkono, akakitupa bila kukitazama. Miaka yote hii anaamini simba alikuwa humo.

"Nilikuharibia kazi yako, nikaogopa kukwambia," akasema. "Nisamehe kabla hatujaagana."

Binti alikuwa mlangoni na sinia. Vikombe vilikuwa vinagongana.

Sentensi moja tu ilitakiwa. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Nimekusamehe."

Akalia. Akauliza huyo simba alikuwaje, maana hakuwahi kumwona. Nikamweleza robo saa nzima. Anavyoingia dirishani. Anavyounguruma. Hata faili nilimtia mdomoni.

Alipoondoka, binti alisema mzee hakusoma maandishi ya chini. Nikamjibu kuwa hayo hayasomwi na mtu, ndiyo kazi ilivyo. Akaweka sinia chini. Akasema nisipomwambia mimi, atamwambia yeye, kaburini kwangu, kwa sauti, mbele ya watu wote.

Jumatatu, tarehe 10

Nimelia asubuhi nzima. Mimi ni mtu mbaya, na muda umekwisha. Nilimwita binti akamlete rafiki yangu. Kikohozi kikanikata sauti. Binti alipofika, nikaomba maji tu.

Mchana nimeanza bango la mazishi yangu. Wakija watu ishirini, sauti ya binti itasikika. Wakija elfu moja, nani atamsikia? Uso mkubwa, nusu gizani. Anga jekundu. Chini kabisa ukweli wote, herufi za sisimizi, asije mtu akasema nilificha.

Kona ya kulia bado ilikuwa tupu. Nimeweka simba. Mdogo tu.