Mpango wa Masomo Usio na Asubuhi

Jumatatu, 4 Septemba

Fomu za mpango wa masomo zimetolewa leo. Shahada ya takwimu, mwaka wa tatu, mwaka wa mwisho! Masomo manane, mihula miwili. Fomu irudi idarani Ijumaa kabla ya saa tisa alasiri, ikiwa na sahihi ya mshauri wa masomo. Wenzangu wamejaza palepale ukutani. Mimi nimeikunja nikaja nayo nyumbani. Mambo makubwa hayataki papara.

Kanuni zangu ni tatu. Hakuna somo kabla ya saa nne asubuhi. Hakuna somo Ijumaa. Hakuna somo la Kisu. Kisu ni mhadhiri wetu. Jina alipewa na waliotutangulia, kwa jinsi anavyokata maksi. Mtu mpole sana akiwa hajashika kalamu.

Dada ameiona fomu mezani. Ni muuguzi, ninaishi kwake, na kochi la sebuleni ndilo kitanda changu tangu mwaka wa kwanza. Makubaliano yetu ni ya zamani: nikihitimu mimi, anaanza yeye shahada ya uuguzi, nami nabaki nyumbani na mapacha wake wa miaka minne. Shemeji anaendesha lori la masafa marefu, tunamwona kwa msimu. Chuo kilishamwahirishia Dada nafasi mara moja. Mara ya pili hakuna. Jumamosi hii anatakiwa kuthibitisha kwamba mwakani anaanza.

Ameuliza kama kweli huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Nimemwambia athibitishe bila wasiwasi. Nilikuwa nimelala chali wakati huo.

Jumanne, 5 Septemba

Mimi ni mwanatakwimu. Siendi kwa uvumi. Nimefanya utafiti.

Swali: je, Takwimu za Idadi ya Watu ni somo jepesi? Linafundishwa saa nane mchana, saa ya kistaarabu kabisa. Ubaoni kuna picha ya darasa la mwaka jana, iliyopigwa siku ya mwisho ya muhula. Watu kumi na wawili, wote meno nje. Nimewasaka mmoja mmoja, kantini, maktaba, hata bafuni. Kumi na mmoja wamesema somo ni jepesi kama maji. Wa kumi na mbili hapokei simu.

Kumi na mmoja kati ya kumi na mmoja! Asilimia mia! Nimeliandika kwa wino.

Jumatano, 6 Septemba

Nimemwonyesha Rula matokeo yangu. Rula ni mwanafunzi mwenzangu, anapiga mstari kwa rula chini ya kila kichwa cha habari, hata kwenye orodha ya sabuni. Fomu yake aliirudisha Jumatatu saa nne. Anaringa nayo mpaka leo.

Akauliza darasa lile lilianza na watu wangapi. Nikamwambia arobaini na saba. Akauliza wale thelathini na watano wako wapi. Nikajibu sijui, hawakuwemo kwenye picha.  Kisha akauliza kama ni kweli nilifaulu somo la sampuli mwaka jana. Wivu huo!

Hata hivyo nimemtafuta mmoja wa wale thelathini na watano, ili tu kumnyamazisha Rula. Nimempata. Siku hizi anasoma muziki. Nilipotaja jina la somo, akaomba maji ya kunywa.

Nimelifuta. Wino haufutiki vizuri, fomu imepata tundu. Mahali pake nimeweka Historia ya Takwimu: saa tisa mchana, mhadhiri mzee, mtihani unafanywa kitabu kikiwa wazi. Mpango sasa umekamilika. Hakuna asubuhi hata moja. Nimeutazama kwa upendo.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimekwenda kwa mshauri wa masomo. Amesoma mpango wangu akasema ni mzuri sana kwa mtu anayeuguza mguu. Kisha akauliza Regresheni iko wapi.

Regresheni ni lile somo la kupitisha mstari katikati ya vidoti na kudai umeielewa dunia. Ni la Kisu. Nimesema niliona niwaachie wengine nafasi. Akasema hapa hajawahi kuhitimu mtu bila Regresheni, na mimi sitakuwa wa kwanza. Nikasema basi, aiandike. Nilijiona mwungwana.

Akafungua faili langu. Regresheni haisomwi kabla ya Aljebra ya Matriksi. Aljebra yangu iko wapi?

Naikumbuka vizuri. Mwaka wa kwanza ilifundishwa saa moja asubuhi, nikaisukuma mwaka wa pili. Mwaka wa pili akapewa Kisu aifundishe, nikaisukuma mwaka wa tatu. Sasa Aljebra iko muhula huu wa kwanza. Na Regresheni nayo iko muhula huu wa kwanza tu, haina mwingine. Kwa hiyo Aljebra mwaka huu, Regresheni mwakani. Mwaka wa nne! Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Dada anapiga pasi sare yake huku anaimba. Amenunua daftari jipya. Ameshalivalisha jalada la karatasi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimeshindwa kusema. Pacha mmoja ameuliza kwa nini nakula polepole. Nimeona aibu mbele ya mtoto wa miaka minne.

Ijumaa, 8 Septemba

Siku ndefu kuliko zote. Naandika kwa mpangilio nisijichanganye.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwa katibu wa idara, Mama Muhuri. Muhuri wa idara anautunza kwenye mkoba wake mwenyewe, na bila muhuri huo fomu ni karatasi ya kufungia maandazi. Nilimpelekea barua nzito: nimejifunza Aljebra ya Matriksi nyumbani, kwa juhudi binafsi, hivyo naomba nihesabiwe nimeisoma. Aliisoma mpaka mwisho. Akageuza bahasha, akaandika matriksi mbili, yale majedwali ya namba, akaniambia nizizidishe. Nikazizidisha! Akatazama jibu, akasema anachapa mitihani ya idara hii mwaka wa ishirini na mbili sasa, na jibu hilo analifahamu sana, ndilo lile linalopataga sifuri.

Nikaona uongo umeisha. Nilimsubiri Dada atoke zamu, nikamweleza yote. Nilisema mwaka wa nne. Nilisema kosa ni langu, la miaka mitatu mfululizo. Alikaa kwenye kochi langu na viatu vyake vya kazi. Laiti angenifokea! Alisema tu kwamba sawa, mdogo wangu, kesho atawaandikia chuo kuwa hataweza. Kisha akalitoa lile daftari kwenye mkoba, akawapa mapacha wachoree. Sijawahi kujichukia namna ile.

Saa nane na dakika ishirini, simu. Rula. Anahema. Nikimbie chuoni sasa hivi! Tangazo jipya limebandikwa: mwaka jana, kati ya watu hamsini waliofanya Regresheni, Kisu aliwafelisha thelathini na mmoja. Wote wanarudia, na pamoja na sisi wapya ukumbi mmoja hautoshi, basi Regresheni itafundishwa tena muhula wa pili. Aljebra sasa, Regresheni baadaye, mwaka uleule!

Nilikimbia na malapa. Saa nane na dakika hamsini mshauri akatia sahihi. Saa nane na dakika hamsini na saba Mama Muhuri akagonga muhuri, akitazama lile tundu la fomu kwa huzuni. Aljebra: Jumatatu na Ijumaa, saa moja asubuhi, Kisu. Regresheni: Ijumaa, saa moja asubuhi, Kisu. Kanuni zangu zote tatu zimevunjika katika karatasi moja, na sijali!

Nilimkuta Kisu koridoni. Furaha ilinizidi, nikamshika mikono yote miwili, nikamshukuru kwa kuwafelisha watu thelathini na mmoja. Akajibu kwa upole kwamba nafasi ya thelathini na mbili bado ipo.

Nyumbani nilishusha pumzi ndefu hadi mapacha wakaja kuangalia kama nimetoboka. Dada alisoma fomu mara mbili, akagusa muhuri kwa kidole. Akalia kidogo. Akachana kurasa nne zenye michoro ya ng'ombe, akasema zilizobaki zinamtosha. Kisha akanituma vyombo. Niliosha vyote, hata visafi.

Jumapili, 10 Septemba

Jana Dada alithibitisha nafasi yake. Nyumba imetulia. Nimelala usingizi wa mtu asiye na deni la uongo.

Leo ameleta fomu yake ya mpango wa masomo, maana chuo chake kinaitaka mapema. Alitaka kujaza mwenyewe. Nimemkatalia. Ndani ya nyumba kuna mtaalamu, ya nini kuhangaika? Nimeketi nayo saa nzima, nimetumia wino.

Mpango umetoka safi mno. Asubuhi zote huru, Ijumaa huru. Kulikuwa na somo moja tu baya, la lazima, Takwimu kwa Wauguzi. Hilo nimelisukuma hadi muhula wa mwisho wa mwaka wa mwisho, asikutane nalo mapema akakata tamaa.

Ameitazama kazi yangu, halafu akanitazama mimi. Amekwenda kuomba fomu nyingine. Watu wengine hawasaidiki.