Bahasha Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi 2025

Maagizo yote ya dawa yamerudi! Zahanati za Isangi, Yahuma na Bafwasende hututumia hapa ghalani Kisangani, nasi tunayasukuma kwa mtandao hadi seva ya Kinshasa. Sasa Kinshasa wamebadilisha espace de noms, yaani lile jina la ukoo ambalo kila ujumbe wa kompyuta, wa XML, hulibeba. La zamani hawalitaki tena. Papa Hilaire, mkurugenzi, ametangaza kwamba atakayeyapitisha kabla ya Ijumaa ndiye chef de bureau, mkuu wa ofisi. Tuko wawili tu, mimi na Jemima. Jemima ana miaka miwili kazini. Mimi tisa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika faili ya XSLT. Inapokea ujumbe wenye jina la zamani, inautoa na jina jipya. Mistari minane! Kila kilichomo kinabadilishwa, hakiulizwi. Jemima bado anaandika. Anasoma hata maelekezo, maskini.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya mbinu. Hapa kwetu anayepewa cheo hukimwagilia: hulisha wenzake. Mimi nimekimwagilia mapema. Liboke la samaki, waliochomwa ndani ya majani, kwa ofisi nzima, na vinywaji. Papa Hilaire akauliza tunasherehekea nini. Nikajibu, subira. Jemima alipokuwa akichambua miiba, nikafungua kompyuta yake. Faili yake inagusa agizo tu. Bahasha inayolibeba ameiacha na jina lake lile lile! Nilimhurumia. Nusura nimwambie.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewasha yangu saa tatu asubuhi. Maagizo arobaini na moja. Yamekataliwa arobaini na moja. Seva inasema bahasha hizi haizitambui. Jemima anadai bahasha si ya ukoo wetu, ni ya kila mtu, kama gunia la posta, na jina lake haliguswi. Mama Gertrude, muuguzi wa Isangi, akapiga simu: "Papa Nephtali, sérum ishaisha kabisa, alors tufanye namna gani?" Wagonjwa wake hawana maji ya dripu. Niliona haya, kweli. Nikamwambia ni mtandao. Jemima akaweka faili yake. Baada ya dakika kumi yote yalikuwa yamepita, la Isangi kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Jemima ni chef de bureau. Papa Hilaire alimkumbusha kukimwagilia cheo. Akajibu kwa adabu kwamba Papa Nephtali alishamfanyia. Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, meno tu. Imeniuma sana.

Jumamosi, 8 Machi

Chef (!) ameniomba kitu kidogo. Zahanati moja ya Bafwasende inatumia jina la kale zaidi, niongeze mstari mmoja kwenye faili yake. Mmoja! Mtu wa miaka tisa! Nimekaa kutwa nzima nikilitafakari kosa la Alhamisi, na mwishowe nimeligundua: sikubadilisha vya kutosha. Sasa faili ya Jemima haiachi kitu bila kukibadilisha, hata majina ya dawa. Nimeiwasha bila kuijaribu. Jumatatu watashangaa.