Namna Nilivyoiondoa 3.6

Jumatatu, 6 Februari 2023. Asunción.
Joto tangu asubuhi. Nimeamka na azma moja: kuiondoa Python 3.6, toleo kuukuu la lugha ya kompyuta tunayoandikia. Programu yetu inagawa zamu za kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo wa mashambani. Kwa kuwa bado inakubali 3.6, kila tunachoandika lazima kieleweke na makompyuta yaliyochakaa. Mimi nataka tuanzie 3.10 kwenda juu. Ña Eulogia, yaani Bi Eulogia, hataki. Ana miaka sitini na tatu, ndiye aliyeianzisha programu, na jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha ya waandishi. Langu la tatu. Chini ya Derlis! Derlis, mtu anayekaa nusu ya siku miguu ikiwa ndani ya beseni la maji.

Bibi huyo kasema mbele ya wote kwamba kompyuta ya nesi Mirna, kwenye zahanati ya Pozo Moroti huko nyika ya Chaco, haiwezi tena kupandishwa toleo. Akaniuliza kama nimesahau kuwa baba yangu yumo kwenye orodha ya wagonjwa wa Mirna. Sijasahau. Nikamjibu kwamba kompyuta kuukuu itabaki na toleo la zamani na itaendelea na kazi, hakuna atakayedhurika. Ni kweli kabisa, na yeye anajua. Akasema, haya Wildo mwanangu, ila haraka yako itakuponza. Derlis akacheka. Nimeumia.

Jumanne, 7 Februari
Kwetu mambo huamuliwa asubuhi, tukinywa tereré, chai ya majani kwa maji ya barafu. Pembe moja ya ng'ombe, mrija mmoja, inazunguka, Derlis anamimina. Aliyemo kwenye duara ana kura. Aliyerudisha pembe na kusema asante amejitoa, na kulalamika baadaye ni kukosa adabu. Sheria ya kura aliiweka Ña Eulogia mwenyewe. Ana vidonda vya tumbo. Nimekwenda sokoni kununua tangawizi, kipande kinono.

Jumatano, 8 Februari
Tangawizi niliiponda ndani ya maji ya barafu. Nikasema ni dawa ya joto. Pembe ya kwanza, Ña Eulogia akakunja uso. Ya pili, akashika tumbo, akasema asante, akaenda kujilaza kwenye kochi la mapokezi. Sikungoja. Nikaitisha kura. Derlis akasema amechoka kuandika kizee, tupandishe tu, yaishe. Mbili kwa bila.

Ña Eulogia akasikia. Akasema sheria ni sheria. Ila nisisahau kuandika ule mstari unaoziambia kompyuta za zamani kwamba toleo hili si lenu, msilivute. Ananifundisha mimi! Miaka kumi na moja ya kazi, naambiwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikasirika hata chakula cha mchana hakikupita.

Alhamisi, 9 Februari
Toleo jipya limetoka. Nimelitoa kwa mkono wangu, haraka, kabla bibi hajatia neno lingine. Empanada mbili, sambusa za kwetu, za kujipongeza.

Ijumaa, 10 Februari
Mirna kapiga simu. Kompyuta yake ilivuta toleo jipya yenyewe usiku, na sasa programu haifunguki. Bila zamu kutoka kwenye programu gari la wagonjwa haliondoki, na kiti cha mgonjwa mjini anapewa mwingine. Nikajikausha. Nikamwambia aizime na kuiwasha.

Kisha nikaangalia. Ule mstari sikuuandika.

Kurudisha toleo la zamani kunahitaji nywila, na nywila anayo Ña Eulogia peke yake. Nimpigie magoti siku mbili baada ya kumshinda? Nafuu nife. Baba amekosa zamu ya leo. Moja tu. Mirna anasema bado yuko sawa.

Jumapili, 12 Februari
Nimeongea na baba. Kaniuliza kama nimekula. Anasema miguu imevimba, viatu haviingii, na usingizi anaupata akiwa amekaa. Akaniambia, wewe mwanangu ni mtu wa kompyuta, hebu waambie wenzako wairekebishe ile ya Mirna. Nikasema nitawaambia.

Jumatatu, 13 Februari
Nimejaribu kumwongoza Mirna kwa simu apandishe kompyuta yake hadi 3.10. Saa tatu nzima. Haikubali. Nikamshauri zahanati itafute nyingine. Akaniuliza nina kichwa au nina boga, maana anayehema hapo kwenye benchi si baba yake yeye. Lugha gani hiyo kwa mtu anayekusaidia?

Kwenye tereré Ña Eulogia akauliza hali ya baba. Nikasema hajambo. Pembe ilinifikia, nikainywa hadi tone la mwisho. Zamu ya pili imepita.

Jumatano, 15 Februari
Mirna kaniruka, kampigia Ña Eulogia moja kwa moja. Dakika kumi, toleo la zamani limerudi, zamu imeonekana, gari limeondoka adhuhuri. Ña Eulogia hakupiga kelele. Alisema tu kwamba ningemwambia Ijumaa angenipa nywila bila hata kuniuliza sababu. Derlis alitoa miguu kwenye beseni akaenda zake.

Alhamisi, 16 Februari
Baba alifia njiani jana, bado kilomita mia moja na themanini kufika mjini. Mirna alikuwa amemshika mkono. Baba yangu.

Jumamosi, 25 Februari
Tumemaliza siku tisa za sala. Ña Eulogia alikuja, amevaa nyeusi tupu, akapokea mkate wa chipa kwa shangazi, akakaa na wanawake hadi rozari ya mwisho. Hakunishtaki kwa ndugu zangu. Alinivuta pembeni ya ua, akasema ameacha mradi, maana hawezi tena kunywa mrija mmoja na mimi. Akanikabidhi nywila kwenye karatasi. Nililia, na si kwa kuigiza.

Basi tumebaki mimi na Derlis, na Derlis hukubali chochote ili mjadala uishe. Nimekaa chini ya feni nikapiga hesabu. Kosa letu lilikuwa woga: 3.10 ilikuwa hatua ndogo mno. Mirna amebaki na wagonjwa wawili tu wa figo. Wagonjwa wawili hawawezi kuirudisha nyuma nchi nzima. Jumatatu napendekeza 3.11.