Mkia wa Nguva Hupiga Juu na Chini

Jumatatu, 17 Februari 1986

Ushindi uko karibu. Jumapili tunakwenda Butiama kuzungumza mahari ya mchumba wa Lukas, mtoto wa dada yangu Dorotea. Nani atakuwa msemaji? Mimi, mjomba, mwalimu mstaafu wa baiolojia? Au Pastory, baba mdogo wa kijana, ambaye hukohoa tu na kudhani amezungumza? Dorotea anasema atamchukua atakayemshinda mwenzake kwa hoja. Ukutani kwake ipo kalenda yenye nguva: juu msichana, chini mkia. Pastory akasema huyo ni samaki. Samaki! Nikamweleza kwa upole kwamba ana matiti, na anayenyonyesha ni mamalia. Akauliza nani amewahi kumwona mtoto wake. Dorotea akacheka. Sikupenda.

Jumatano, 19 Februari

Nimeeleza upya, kwa utaratibu. Samaki hupiga mkia kushoto na kulia. Nyangumi na pomboo, mamalia wa baharini, hupiga juu na chini, maana mgongo wao hukunjika kama wa mbwa anayekimbia. Tena nguva kila picha yuko juu ya mwamba, anachana nywele. Anavuta hewa! Samaki akae juu ya mwamba afanye nini? Akauke?

Pastory akasema ana magamba. Nikajibu: kakakuona ana magamba na ananyonyesha. Kisha akakohoa, akasema kakakuona hayumo kwenye kalenda. Dorotea akasema, kaka, mimi nataka kuona kwa macho. Basi ataona. Nimepata gunia la sukari (sukari yenyewe hatujaonana nayo tangu mwaka jana), kipande cha bati kwa ncha ya mkia, na katani kwa nywele. Nimewaalika ufukweni Ijumaa asubuhi.

Ijumaa, 21 Februari

Nimevuliwa.

Nilianza vizuri. Niliingia majini nyuma ya mawe, miguu ndani ya gunia, katani kichwani. Juu na chini, juu na chini. Safi kabisa! Nikasikia mayowe: "Nguva! Jamani, nguva!" Furaha niliyoipata sikuipata hata siku ya kustaafu. Ndipo kamba ikanigusa. Nilisahau kwamba Ijumaa za Kwaresima mvuvi Gati huvuta kokoro lake, wavu mrefu wa kuburuta kwa kamba, mapema, ili Wakatoliki wa Musoma wapate kitoweo. Nikaburutwa hadi mchangani pamoja na sangara.

Desturi ya kokoro ni kwamba kila aliyeshika kamba ana fungu lake. Mwikwabe, aliyekuwa mbele, akaniangalia mkiani tu, akamwuliza Gati: "Sasa huyu, Ijumaa ya Kwaresima, tunamlaga au hatumlagi?"

Kutoka ndani ya wavu nikawaeleza yote, kuanzia uti wa mgongo. Gati akauliza wavutaji mkia ulipigaje. Wote wakasema juu na chini. Wote! Akaamua: basi hiyo ni nyama, isiguswe hadi kesho.

Pastory akapinga, eti kilichoingia kokoro na sangara ni sangara. Dorotea yeye aliuliza suruali yangu iko wapi.

Jumamosi, 22 Februari

Dorotea amemchagua Pastory. Ameona aibu, anasema. Sokoni wanamwita dada wa samaki. Nimemsahihisha: dada wa mamalia. Akafunga mlango.

Jioni, mapinduzi! Habari zangu zilikwisha fika Bunda, zikarudi nyuma hadi Butiama. Mzee Magige, babu wa binti, ametuma mtu: hatazungumza habari za ng'ombe na yeyote isipokuwa yule aliyevuliwa. Pastory akakohoa sana.

Jumapili, 23 Februari

Butiama. Ushindi mtupu! Mzee Magige alicheka hata kabla sijakaa. Nikaeleza polepole kwamba ng'ombe, kama nguva, ni mamalia. Hubeba mtoto tumboni. Kwa hiyo mwenye mimba ahesabiwe wawili. Wazee wakapinga. Nikarudi kwenye uti wa mgongo. Wakaomba maji. Nilipotaka kuanza mapafu, Mzee Magige akasimama, akanishika mikono yote miwili, akasema wamekubali, mwalimu, wamekubali, yatosha. Hoja ikiwa wazi, watu huelewa haraka. Dorotea ananiita tena kaka.

Jumatatu, 24 Februari

Dorotea ameniapisha: sitaingia tena ziwani na mkia. Nimeapa kwa moyo mweupe. Suala la nguva limekwisha.

Ila jana, njiani kurudi, Pastory alisema malaika ni jamii ya ndege, kwa sababu ana mabawa. Mabawa! Na popo je, mwenye mabawa na ananyonyesha? Hajui kitu, masikini. Atahitaji kuona kwa macho. Jumapili ya Matawi watu wote watakuwa barabarani, na paa la Dorotea linaelekea barabara. Gunia bado ninalo. Ngazi nitaazima kwa Pastory.