Tangazo Chini ya Keki

3 Novemba, Jumatatu

Nimeitwa na bosi. Audrey Halvorson hakunikaribisha kiti. Dalili mbaya. Amesema amewauliza wafanyakazi wote wa kiwanda wanapata wapi habari za kampuni. Wote wamemtaja Marlys wa mapokezi. Jarida langu halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Mimi, Randall Nygaard, Mkuu wa Mawasiliano ya Ndani, nashindwa na mwanamke anayetafuna karanga kwenye kipaza sauti!

Ijumaa saa tatu Audrey ana habari nzito ya kuwapa watu. Hataki hata mimi niijue mapema. Kazi yangu ni kujaza ukumbi, bila msaada wa Marlys. Nikishindwa, cheo ni cha Marlys, nami nashuka chumba cha kufungasha, kupanga glavu za sufu mbili mbili. Nimemwambia asiwe na shaka. Kasema shaka anayo tele.

4 Novemba, Jumanne

Nimetuma toleo maalumu la jarida. Kurasa kumi na mbili, pamoja na shairi. Mchana nikamuuliza Vern, fundi wa kukata vitambaa, ameonaje. Akakuna kidevu, akasema, "Ni tofauti." Nimefurahi sana. Mama naye husema hivyo kila nikimpikia supu, ingawa hajawahi kuimaliza.

Jioni nimemsikia Vern akimuuliza Marlys kama kuna mkutano wowote wiki hii.

5 Novemba, Jumatano

Wazo! Watu wa mji wetu huu wa Duluth hawasomi, lakini wanakula. Nimeoka keki ya maboga, sinia zima. Chini nimelaza tangazo la herufi kubwa, juu yake plastiki angavu, kisha keki. Kadiri wanavyokula ndivyo watakavyosoma. Saa ya mkutano, neno muhimu kuliko yote, nimeiweka katikati kabisa.

Marlys kachungulia, akaniuliza, "Na kipande cha mwisho je, mwenzangu?" Wivu tu.

6 Novemba, Alhamisi

Keki imeliwa vizuri mno, kutoka pembeni kuja ndani. Kabla ya chakula cha mchana tangazo lilisomeka: MKUTANO WA WOTE, UKUMBINI, IJUMAA SAA. Kisha kipande kimoja cha keki.

Mtu mwenye malezi hachukui kipande cha mwisho. Vern alikata nusu yake, akaacha nusu. Aliyefuata akakata nusu ya hiyo nusu. Kufikia jioni kilikuwa sawa na kidole gumba, nacho kimekaa juu ya neno TATU kama kuku anayeatamia. Ningekiondoa mwenyewe, lakini watu walikuwa wananitazama, nami si mlafi. Marlys akalifunika sinia, akalitia kwenye friji.

7 Novemba, Ijumaa

Saa tatu. Ukumbini yuko Audrey, niko mimi, na viti. Audrey akamwashiria Marlys mlangoni. Marlys akameza karanga, akashika kipaza sauti. "Jamani, ukumbini sasa hivi. Njooni na kahawa zenu." Ukumbi ukajaa hadi watu wakakalia madirisha. Vern kasema aliona kuwa kuna saa fulani, ila hakutaka kumsumbua mtu kwa kumuuliza ni saa ngapi.

Audrey akaongea. Kitu fulani kuhusu mtambo wa kupashia joto jengo, na Jumatatu. Sikusikiliza. Nilikuwa nimemkazia macho Marlys.

Walipotawanyika nilimwomba Audrey nafasi moja zaidi. Nikamweleza ukweli. Kazi hii ndiyo kitu pekee changu ambacho Mama huwatajia majirani. Audrey akalegea. Akasema jibu nitalipata mchana, kwa njia yangu mwenyewe.

Mchana Marlys akaleta keki yake. Tukala sote, kikabaki kipande kimoja. Akanisogezea sinia. "Chukua, Randall." Nikakataa. "Chukua bwana, hicho ni chako." Nikakataa tena, kama nilivyolelewa. Mara ya tatu alinisihi kama mtu anayeombea mgonjwa, ikabidi nikate nusu. Chini yake kukatokea mwandiko wa Audrey: "Randall, usi". Maneno mengine yalikuwa chini ya nusu iliyobaki.

Nilielewa papo hapo. Randall, usichukue kipande cha mwisho. Nimetii. Marlys ameondoka ameshika kichwa.

Nimengoja jibu la Audrey mpaka jioni. Halikuja. Basi nimeshushwa, na hata kuambiwa sikuambiwa. Nimelia kidogo ndani ya gari.

10 Novemba, Jumatatu

Nimeripoti chumba cha kufungasha mapema, kiungwana. Milango imefungwa. Hakuna joto, hakuna taa, hakuna mtu. Nimesimama nje na upepo wa ziwani mpaka masikio yakafa ganzi. Mlangoni pamebandikwa karatasi fulani, lakini ilikuwa ndefu, sikuisoma.

Hakuna hata mmoja aliyenipa habari! Kampuni hii ina tatizo kubwa la mawasiliano. Bahati yao dawa ninayo: kuanzia kesho, ndani ya kila glavu ya kushoto nitatia tangazo la wafanyakazi, kabla hazijafungwa kwenda kwa wateja.