Ombi la Kumpokea Mkaguzi Awe Mwanetu

Mtaa wa Bethania,
Cwmdulas, Wales.
Novemba 1934

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Posho ya Wasio na Kazi,

Pokea salamu za mchimba makaa ambaye mgodi wake umefungwa, huu mwaka wa pili. Siandiki kwa hasira; hasira inataka mtu aliyeshiba.

1. Mkaguzi wenu, Bwana Prosser, alikuja kwetu akafunua sufuria, akachungulia vyumbani, kisha akamuuliza mke wangu, "Na hiki kinanda cha nini?"

"Cha kumsifia Mungu," Ceinwen akamjibu.

"Muziki hauliwi, mama. Kiuzeni."

Tukakiuza. Kwa kuwa hotuba nazo haziliwi, naomba Bwana Prosser atumwe Bungeni akakague viti.

2. Alipojua kwamba binti yetu Olwen ameajiriwa katika duka la vitambaa, alinikata posho. "Binti atakulisha, mzee," akasema. Nimetii. Siku hizi nikitaka kwenda kuimba kanisani namwomba Olwen ruhusa. Ila Olwen ana miaka kumi na tisa, sheria haimruhusu kupiga kura. Anayelisha nyumba hana kura, mwenye kura hana chakula. Naomba kura yangu apewe yeye, nami niandikishwe darasa la watoto wadogo, ambako nasikia kuna maziwa.

3. Hili ndilo linaloniuma. Ili posho yangu irudi, Olwen amehamia kwa shangazi yake. Aliondoka na mfuko mmoja wa nguo, mama yake akamsindikiza mpaka kona. Vita Vikuu havikututenganisha, wala mgomo wa wachimba makaa wa mwaka 1926. Serikali inayosifu familia kila uchaguzi imeweza. Hongereni.

Kwa hiyo kitanda kimoja kiko wazi. Naomba Bwana Prosser ahamie kwetu awe mwanetu. Sufuria yetu anaijua kuliko sisi. Mshahara wake tutauhesabu kuwa wa nyumba, kama sheria yenu inavyotaka, na Ceinwen ameahidi kumfundisha kubisha hodi.

Wasalimie wanakamati wote, na wake zao, na yeyote anayewalisha.

Ni mimi mtiifu wenu,
Emrys Pugh

Nyongeza: Mniwie radhi kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Miwani niliuza, kwa hiyo ananiandikia Olwen, ambaye yuko hapa mezani kila jioni na ameshamenya viazi. Anasema mstari huu nisiuweke. Nimemwambia andika tu, mimi ndiye baba.